Mpira wa magharibi na wa usiku: kamera uiwekeje?

Swali: "Assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Napiga picha za mechi za mtaani na kuziweka kwenye makundi ya timu, WhatsApp na Facebook. Kamera yangu ni Canon ya wanaoanza, megapikseli 24, na lenzi mbili nilizonunua nayo: 18-55 na 55-250. Kipindi cha kwanza picha zinatoka safi. Kipindi cha pili, jua likishaanza kushuka, wachezaji wanakuwa kama moshi. Ramadhani tunacheza usiku kwa taa, na huko ndiko kubaya zaidi: picha nyeusi, zimetikisika, na katika mfululizo mmoja hii inatoka ya manjano, nyengine ya kijani, nyengine nusu yake giza. Nimeambiwa nisivuke ISO 800, picha itaharibika. Mwengine kaniambia nitumie fleshi. Mimi huwa naweka ile alama ya mtu anayekimbia. Nina akiba kidogo. Ninunue kamera mpya, au kuna kitu sikijui kwenye hii niliyonayo?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yana matatizo matatu yaliyochanganyika: kutikisika, giza, na rangi zinazogeuka. Kila moja lina chanzo chake. La rangi halitokani na kamera wala na wewe, linatokana na umeme. La kutikisika linatokana na hizo nasaha ulizopewa. La giza ndilo pekee linaloweza kukulazimisha utoe pesa, na hata hapo si pesa za kamera.

Nianze na ISO 800, maana ndiyo inayokuponza. ISO ni namba inayoonyesha kamera inaikuza kwa kiasi gani nuru iliyoingia. Nasaha hiyo ilikuwa na mashiko wakati kamera za dijitali zilipokuwa changa. Kwa kamera ya megapikseli 24 kama yako, ISO 3200 ni ya kawaida, 6400 inatumika bila wasiwasi, na 12800 inavumilika kwa picha itakayotazamwa kwenye simu. Ukijifungia kwenye 800, kamera haina njia nyengine ya kupata nuru ila kuacha shata wazi muda mrefu. Shata ni pazia. Likikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, winga anayekimbia mita 7 kwa sekunde atakuwa keshasogea karibu sentimita 12 kabla halijafungwa. Huo ndio moshi unaouona. Kwa 1/250 anasogea kama sentimita 3, kwa 1/500 sentimita moja na nusu hivi, kwa 1/1000 milimita 7. Na hicho ni kiwiliwili tu. Mguu unaopiga mpira unakwenda kasi zaidi, na mpira wenyewe ukitoka kwa mita 25 kwa sekunde unasogea sentimita 5 ndani ya 1/500.

Sasa hizo chenga wanazokuogopesha nazo, yaani vile vidoa vidogo kama mchanga kwenye picha. Watu husema ISO ndiyo inayoleta chenga, lakini kinachozileta khasa ni uchache wa nuru. Panga vikombe uani mvua ya rasharasha inapoanza. Baada ya muda mfupi kikombe hiki kina matone matatu, jirani yake saba, yule pale moja. Ingekuwa mvua ya masika, vyote vingejaa kwa kiasi kinacholingana na usingeona tofauti. Sensa ya kamera ni vikombe milioni 24 vinavyokinga nuru. Magharibi nuru ni rasharasha, kwa hiyo vikombe havilingani, na kutolingana huko ndiko tunakokuita chenga. ISO haiongezi hata tone moja, inakuza kile kilichokingwa. Ndiyo maana kupiga picha ya giza kwa ISO 800 halafu kuinyanyua kwenye programu ya simu hakukuokolei kitu: chenga zinatoka zilezile, na kama ulipiga JPEG, lile faili la kawaida ambalo kamera imeshalibana, zinatoka mbaya zaidi, kwa kuwa sehemu za giza zilishabanwa na kutupwa. Bora ISO 6400 yenye mwangaza sahihi kuliko 800 iliyofufuliwa.

Kuna na faraja moja. Picha yako ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiipunguza hadi 1,500 kwa 1,000 kwa ajili ya WhatsApp, kila pikseli 16 zinakuwa moja, na chenga zinashuka hadi kama robo. Kwa hiyo usiihukumu picha kwa kuivuta mpaka mwisho kwenye kioo cha kamera. Itazame kwa ukubwa ambao wachezaji wenyewe wataiona. Chenga hupunguzika. Jina la mchezaji mgongoni likishakuwa mstari wa ukungu, hakuna programu ya kulirudisha.

Fleshi iache nyumbani. Ile ndogo ya juu ya kamera, hata ukipandisha ISO hadi 3200 na tundu la lenzi likiwa f/5.6, inafika mita 10 hivi, na mchezaji wako yuko 25 au 30. Isitoshe, fleshi inaifunga shata isivuke 1/200 katika kamera za aina yako, kwa hiyo nuru ya uwanjani inaendelea kuacha kivuli chake cha moshi pembeni ya mchezaji. Baada ya kila mwako unasubiri ijichaji, na wakati huo goli limeshaingia. Na kipa anayemulikwa machoni penalti inapopigwa ana haki ya kukujia juu.

Alama ya mtu anayekimbia nayo ina kasoro yake. Mchana inafanya kazi nzuri. Nuru ikipungua, kamera inaamua yenyewe ISO iishie wapi, na ikifika hapo inaanza kushusha kasi ya shata bila kukuambia. Wewe unaamini uko kwenye hali ya michezo, kumbe shata iko 1/125.

Weka kitasa kwenye M, hali ya kupanga mwenyewe. Usiogope, ni mambo mawili tu utakayoyashika kwa mkono. Kwanza kasi ya shata: 1/1000 nuru ikiwepo, na usishuke chini ya 1/500 kwa mchezaji anayekimbia. Pili tundu la lenzi, ile namba ya f: chagua ndogo kabisa inayokubali, kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. ISO iweke ya otomatiki, halafu ingia kwenye menyu uipe kikomo cha 12800, au kile cha juu kabisa menyu inachokuruhusu. Hapo umeibadilishia kamera kipaumbele. Nuru ikipungua itapandisha chenga badala ya kuleta moshi.

Nuru ya kwetu ina tabia yake, na picha nyingi zinapotea hapo. Karibu na ikweta jua linashuka wima, halikawii kama kule kaskazini ambako machweo hukokota. Hapa linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi, kufuatana na mwezi, na tangu kuzama hadi giza la kweli ni kama dakika 20 tu. Kwa lenzi ya f/5.6 na mbingu safi, hesabu inakwenda hivi: dakika 40 kabla ya jua kuzama bado unapata 1/1000 kwa ISO 800. Dakika 20 kabla, 1/1000 inataka 1600 hadi 2000. Jua linapogusa upeo wa bahari, 1/500 inataka 6400 au 8000. Baada ya hapo nuru inapungua nusu kila dakika tatu au nne, na dakika kumi baada ya kuzama hesabu haifungi tena kwa lenzi hiyo. Mawingu mazito yakitanda, hesabu kila kitu kitatokea robo saa mapema zaidi. Mechi iliyochelewa kuanza kwa nusu saa haikupunguzii picha chache, inakuondolea takriban kipindi cha pili kizima. Kwa hiyo picha muhimu, kama za kikosi, nahodha na mshambuliaji ambaye kila mtu anamtaka, zimalize mapema, usizihifadhie dakika za mwisho.

Simama upande wa magharibi wa kiwanja, jua likiwa nyuma yako, ili nyuso za wanaokutazama zipate nuru. Watu wengi hukaa kinyume kwa sababu rangi za machweo nyuma ya wachezaji zinavutia. Zinavutia kweli, lakini nyuso zinakuwa makaa, na kamera inayopima kwa otomatiki inazidi kuzitia giza kwa sababu ya ule mwangaza wa nyuma.

Kuna siri katika lenzi yako ya 55-250 ambayo hakuna aliyekwambia. Ukiwa 55 tundu lake ni f/4, ukivuta hadi 250 linajifunga hadi f/5.6. Maana yake kila unapomvuta mchezaji karibu mpaka mwisho, unapoteza nusu ya nuru. Magharibi fanya kinyume: sogea wewe, usivute lenzi. Kaa karibu na kibendera cha kona au nyuma kidogo ya mstari wa goli, piga kwa 55 hadi 70, na picha zinazobaki pana zikate baadaye. Ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu bado unabakiwa na megapikseli 6, ambazo zinatosha kwa Facebook na kwa kuchapa picha ya kawaida ya albamu.

Na kile kitufe cha kutuliza picha kilichopo ubavuni mwa lenzi, chenye herufi IS, kisikudanganye. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi winga.

Ulengaji unaharibu picha nyingi sawa na shata, ila watu huzichanganya. Zitofautishe hivi. Kama mchezaji amekuwa moshi lakini majani yaliyo miguuni pake yako wazi, shata ilikuwa ya taratibu. Kama mchezaji ni ukungu lakini watazamaji nyuma yake wako wazi, kamera ililenga pasipo. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, umetikisa mkono. Kwa ulengaji, weka AI Servo, ambayo inaendelea kumfuata mchezaji anayesogea. Ile ya One Shot inalenga mara moja na kubaki hapohapo. Chagua nukta moja tu ya katikati. Katika kamera za aina yako nukta ya katikati ndiyo inayoona vizuri zaidi gizani, zile za pembeni zinaanza kuhangaika magharibi. Kamera hulenga kwa kutafuta mpaka kati ya giza na mwanga, kwa hiyo elekeza nukta kwenye namba ya jezi au ukosi, usiiweke kwenye kaptura nyeusi isiyo na alama. Anza kumfuata mchezaji sekunde moja kabla ya tukio, kidole kikiwa nusu kwenye kitufe, halafu piga mfululizo mfupi wa picha tatu au nne. Mfululizo mrefu unaijaza kamera, nayo inasimama kuandika kwenye kadi wakati ambao unaihitaji.

Tuje usiku, ambako mambo ni mazito zaidi.

Uwanja mkubwa wenye taa za kurushia televisheni, kama Amaan usiku wa Kombe la Mapinduzi, unaweza kukupa 1/1000 kwa ISO 6400 na lenzi hiyohiyo ya f/5.6. Kiwanja cha mtaani chenye nguzo nne na taa chache ni dunia nyengine: nuru yake inaweza kuwa sehemu ya nane ya hiyo, pengine pungufu. Hapo 1/500 kwa f/5.6 inataka ISO 25600 au zaidi. Macho yako hayatakwambia tofauti hiyo, kwa sababu yanajizoeza giza kimyakimya. Basi pima. Fika nusu saa kabla, wakati timu zinapasha moto misuli. Piga picha kila goli, katikati, na kona zote nne, kwa mpangilio uleule. Utagundua kwamba goli moja lina nuru mara mbili ya jengine, na kwamba kuna kona ambayo ni shimo. Sasa unajua ukae wapi. Piga kambi upande wa goli lenye nuru, hata kama timu yako inashambulia kule kwengine kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili watakuja.

Usiku ondoa ISO ya otomatiki. Sababu ni kwamba anga ni jeusi tii, taa moja ikiingia pembeni ya picha inaitisha kamera, na timu yenye jezi nyeupe inaidanganya kamera tofauti na yenye jezi nyeusi. Taa za nguzo hazibadiliki kama jua, kwa hiyo nawe usibadilike. Piga uso wa mchezaji mmoja kutoka mita 15, uutazame kwenye kioo, pandisha au shusha ISO mpaka uso uonekane vizuri, halafu iache hapo. Jezi nyeupe ikiungua kidogo mabegani isikushughulishe. Kinachotafutwa ni uso.

Rangi sasa. Umeme wetu ni wa 50 Hz: unakamilisha mizunguko 50 kila sekunde, ukibadilisha mwelekeo mara mbili katika kila mzunguko, na taa inafikia kilele cha mwangaza katika kila nusu ya mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona. Ukipiga kwa 1/100 unakinga pigo moja zima, na kila picha inafanana na mwenzake. Ukipiga kwa 1/500 unakinga sehemu ya tano tu ya pigo: mara nyengine kilele, mara nyengine bonde. Taa za gesi, zile zinazochukua dakika kadhaa kukolea na zikikatika umeme haziwaki tena mpaka zipoe, hubadilika na rangi pia ndani ya kila pigo. Ndiyo yako ya manjano na ya kijani. Ile ya nusu giza inatoka na namna shata inavyofanya kazi: katika kasi kubwa pazia haliachi sensa yote wazi kwa pamoja, linapitisha upenyo mwembamba kutoka ukingo mmoja hadi mwengine. Taa ikififia upenyo ukiwa njiani, sehemu ya picha inabaki gizani. Taa za LED nzuri hazina tatizo hili, za bei rahisi zinalo, pengine kuliko za gesi. Na kiwanja kikiwa kwenye jenereta ambayo haishiki kasi sawasawa, hata hilo pigo la 100 halitabiriki.

Dawa zipo, zinazidiana. Kwanza tafuta kwenye menyu ya kamera kipengele cha kuzuia kupepesa kwa taa, kwa kuwa Canon kadhaa za miaka ya karibuni wanacho. Kikiwepo, kamera inausikiliza mwendo wa taa na kupiga kila pigo linapofika kileleni. Mfululizo unapungua kasi kidogo na kitufe kinachelewa kwa kiasi kidogo mno, lakini picha zinalingana. Kama hakipo, piga mfululizo wa picha tatu au nne kwa kila tukio ukijua moja au mbili zitatupwa, na uchague iliyoangukia kileleni. Kwa matukio ya kusimama, kama salamu, mapumziko au kikombe kinapokabidhiwa, shuka hadi 1/100 na tatizo lote linakwisha, tena ISO inashuka nayo.

Na mizani ya rangi usiiachie otomatiki, kwa sababu itakimbizana na hayo mapigo. Mwombe mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe asimame chini ya taa, ijaze kanzu katikati ya picha, piga kwa 1/50 au 1/100, halafu kwenye menyu iteue picha hiyo iwe kipimo cha weupe. Sekunde 30, na usiku mzima jezi nyekundu itabaki nyekundu. Usiku piga RAW, faili ghafi la sensa kabla kamera haijalitengeneza, kama kadi yako inamudu, kwa sababu RAW inakuachia nafasi ya kurekebisha rangi na kunyanyua giza baadaye kwenye kompyuta, na programu za kisasa za kuondoa chenga hufanya kazi vizuri zaidi kwa RAW. Gharama yake ni kwamba kamera inajaa baada ya picha chache tu, kwa hiyo mfululizo uwe mfupi kuliko wa mchana.

Niseme wazi: kwenye kiwanja hafifu usiku, na lenzi ya f/5.6, hutapata picha ya mshambuliaji aliyegandishwa hewani kama za magazetini. Mpangilio wa kamera hauwezi kuumba nuru. Ila michezo haina mbio tupu. Mchezaji anayeruka kupiga kichwa, akifika juu kabisa, anakaribia kusimama kabla hajaanza kushuka. Hapo 1/250 inatosha, na zaidi ya hayo ameinua uso kuelekea taa. Anayerusha mpira husimama akiwa ameunyanyua nyuma ya kichwa. Kipa anayesubiri penalti hatikisiki. Mchezaji anayekuja moja kwa moja kwako hatikisiki kama anayekata mbele yako, kwa sababu umbo lake halisogei upande, linakua tu. Na furaha ya goli mara nyingi huishia kwenye kona au mbele ya mashabiki, watu wakiwa wamekumbatiana. Ukijifunza kuzisubiri nyakati hizi, utarudi na picha 15 za kupendeza badala ya 400 za moshi. Kuna na njia ya kumfuata mchezaji kwa kamera ukiwa 1/60, ili yeye abaki wazi na nyuma pavutike. Kwa resi za baiskeli ni nzuri mno, kwa mpira inafaulu mara chache kwa sababu miguu na mikono haiendi na kiwiliwili.

Akiba yako, basi. Usinunue kamera. Kamera mpya yenye sensa kubwa zaidi, ukiiwekea lenzi ya f/5.6, inakupunguzia chenga kwa kiasi cha hatua moja hivi ya ISO, yaani 12800 yake itafanana na 6400 yako. Lenzi yenye tundu kubwa inakupa zaidi ya hapo kwa pesa pungufu. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 ni karibu mara kumi ya nuru: ile ISO 25600 ya kiwanja cha mtaani inashuka hadi 2600 hivi. Lenzi ya 50 mm f/1.8 ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye sensa yako inaona kama ya 80 mm, nzuri kwa eneo la goli ukikaa nyuma ya mstari, na nzuri sana kwa mpira wa kikapu na mikono ukumbini. Ya 85 mm f/1.8 ina bei zaidi lakini kwa mpira wa miguu ndiyo ningekushauri, kwa sababu inafika ndani ya boksi lote. Zote mbili hazivuti, utavuta kwa miguu yako. Na ukizifungua mpaka mwisho eneo linalokuwa wazi ni jembamba, kwa hiyo jaribu f/2 au f/2.2, makosa madogo ya ulengaji yatasameheka. Ile ya 70-200 f/2.8 wanayobeba wapigapicha wa magazeti ni nzuri kwa kila hali, lakini ni nzito na bei yake, hata iliyotumika, haiko kwenye akiba kidogo.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kutoka nyuma na utazame kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na hewa yetu ya chumvi na unyevu inailea. Vumbi chache si neno, kuvu iache. Ya kwako ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, usiiweke kwenye mkoba wa ngozi. Na kama unatoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto la nje, usije ukaanza mechi na lenzi yenye mvuke.

Kabla ya kutumia hata senti moja, hakikisha kifaa ulichonacho ni kizima. Mchana, tundika kanga ukutani, kamera iwe juu ya stendi au meza imara mita 6 mbele yake, ikiangalia moja kwa moja kile kisanduku chenye jina la kanga. Shata 1/1000. Piga picha kumi ukitazama kupitia tundu la jicho, ukiharibu ulengaji kabla ya kila picha ili kamera ilenge upya, halafu kumi nyengine ukitumia kioo cha nyuma. Kama maandishi yanasomeka vizuri katika zote, kifaa ni kizima na kazi iliyobaki ni ya mpangilio. Kama za kioo ziko wazi na za tundu la jicho zina ukungu, mfumo wa ulengaji wa kamera umepotoka na unahitaji kupimwa. Kama upande mmoja wa kanga uko wazi na wa pili hauko, baada ya kuhakikisha kamera haikukaa mshazari, kioo kimoja ndani ya lenzi kimesogea, mara nyingi kwa sababu ya kuanguka. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga unapozungusha lenzi, acha kuizungusha. Hizo tatu, pamoja na kuvu, si za kujifungulia mwenyewe kwa bisibisi ya saa. Mpelekee fundi wa kamera, uwe Unguja au Dar es Salaam, na uchukue kamera na lenzi zote mbili pamoja na hizo picha 20 za kanga kwenye kadi, bila kuzihariri. Mwambie zipi ulipiga kwa tundu la jicho na zipi kwa kioo. Atajua pa kuanzia kabla hajafungua skrubu ya kwanza, na nawe hutalipia siku mbili za kubahatisha.